Simbamarara wa kompyuta na dimbwi la mvua: uanze na sizoni ipi ya Kikorea ya mapenzi na mizimu?

"Dada, njoo uone paka wao!"

Mdogo wangu alikuwa amesimamisha picha katikati. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa paka. Alikuwa simbamarara, au ndivyo hadithi ilivyotaka awe: msichana mwenye asili ya mnyama, kwenye tamthilia iitwayo Mama Fairy and the Woodcutter. Amekaa juu ya picha kama stika iliyobandikwa kwenye kioo cha daladala. Tulicheka mpaka mboga ikaungua kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo huulizwa na kila anayeniletea flashi nimjazie: "Sasa katika hizi za mizimu na mapenzi, nianze na ipi nisipoteze muda?"

Swali la haki kabisa. Tamthilia moja ya Kikorea ya kawaida ina sehemu 16, kila moja saa nzima au zaidi. Ukikosea kuchagua umeunguza bando na usingizi wa wiki mbili. Kwa hiyo naziweka nne kando kwa kando, zote za mapenzi yenye mizimu au miujiza na zote zisizo na fahari nyingi. Goblin inakaa pembeni kama kipimo, maana wengi wameiona na huitumia kuzihukumu nyingine.

Ninaposema tamthilia ya pesa ndogo simaanishi nimefungua daftari la mhasibu. Nasema kwa macho: mkahawa mmoja unaorudi kila sehemu, barabara isiyo na watu, mzimu usiobadili nguo. Vyote hivyo navisamehe. Nisichosamehe ni mwandishi anayejua pochi ni nyembamba, kisha anaandika simbamarara. Wahenga walishasema ajikunaye hujikuna ajipatapo.

Kipimo chenyewe

Goblin, ambayo jina lake refu ni Guardian: The Lonely and Great God, ilirushwa na tvN, kituo cha kebo cha Korea, kuanzia Desemba 2016 hadi Januari 2017. Ilivuka asilimia 20 ya watazamaji, kitu ambacho tamthilia ya kituo cha kebo ilikuwa haijawahi kufanya Korea. Pesa inaonekana: walikwenda kupiga picha hadi Quebec, Kanada, na stelingi ni jenerali wa enzi za Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, aliyeishi miaka 939 na upanga kifuani.

Lakini hebu kumbuka mwisho wa sehemu ya pili. Msichana ametekwa, gari limesimama kwenye barabara ya giza, taa za barabarani zinazimika moja baada ya nyingine. Halafu kwenye ukungu wanatokea wanaume wawili wenye makoti marefu, Gong Yoo na Lee Dong-wook, wanatembea. Hawakimbii, wanatembea tu. Baadaye kidogo gari linakatwa vipande viwili kwa upanga, na hapo ndipo kompyuta ilipofanya kazi ya pesa. Muulize mtu yeyote anakumbuka nini. Atakwambia makoti. Waigizaji wa vichekesho Korea waliuiga ule mwendo, hakuna aliyehangaika kuiga gari. Moshi, taa ya nyuma na watu wawili wanaojua kutembea: kitu hicho hata kikundi cha maigizo cha shule ya kata kinaweza kujaribu.

Basi Goblin ni kipimo kizuri, lakini usiiogope. Sehemu yake bora ni rahisi kuliko tunavyodhani, na ina kasoro zake ambazo pesa haikuzifuta: jenerali wa karne tisa anampenda binti ambaye bado yuko sekondari, jambo lililowakera wengi tangu ilipotoka. Katikati pia inazunguka sana.

Yule simbamarara

Mama Fairy and the Woodcutter ni ya tvN pia, mwishoni mwa 2018, sehemu 16. Wazo lake ni tamu mno. Wakorea wana ngano ya mkata kuni aliyemwokoa paa, na paa akamlipa kwa kumwonyesha ziwa ambako mabinti wa mbinguni hushuka kuoga. Mkata kuni anaficha vazi la mmoja wao, binti anashindwa kupaa, wanaoana. Tamthilia inauliza: je, kama mume alikufa kabla ya kumrudishia vazi? Binti anabaki duniani miaka 699 akimsubiri azaliwe upya, na siku hizi anauza kahawa mlimani Gyeryong. Siku moja wanaingia wanaume wawili, profesa na msaidizi wake, na mmoja kati yao huenda ndiye.

Hapa ndipo ninapokasirika, maana mkononi walikuwa na mbinu bora isiyogharimu kitu. Watu wote humwona yule binti wa mbinguni kama bibi kizee, na huyo anaigizwa na Go Doo-shim, mwigizaji mkongwe aliyepata tuzo kuu ya mwaka kutoka vituo vyote vitatu vikubwa: KBS, MBC na SBS. Wale wanaume wawili peke yao ndio wanaoweza kumwona akiwa msichana, na hapo anaingia Moon Chae-won. Kamera inakata tu, basi. Bibi ananyanyua kikombe, anayekiweka chini ni msichana, na mkono ni uleule wa upole. Hakuna kompyuta, na nywele zinakusimama.

Badala ya kuishi ndani ya mbinu hiyo, tamthilia inaendelea kutuletea wanyama wa kuchorwa, na kila wanapoingia hadithi inashuka daraja na kuwa katuni ya watoto. Ukijumlisha na pembetatu ya mapenzi isiyotaka kuamua ni nani mkata kuni, sehemu za katikati zinavutwa kama ubuyu mdomoni. Wenye subira watafaidi. Mimi niliruka sehemu mbili na sikupotea njia, na hilo lenyewe ni hukumu.

Dimbwi

Sasa weka kando yake Splash Splash Love ya MBC, Desemba 2015. Sehemu 2 tu! Unaimaliza Jumamosi moja na nguo umefua.

Dan-bi ni mwanafunzi asiyejua hesabu. Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu anaukimbia, anaona dimbwi la maji ya mvua, anarukia ndani, anaibuka enzi za Joseon, ufalme uliofuata Goryeo, wakati nchi ina ukame na watu wanaomba mvua. Jina lake lenyewe maana yake ni mvua iliyokuja kwa wakati wake. Mfalme kijana, Lee Do, ndiye atakayekuja kujulikana kama Sejong, yule ambaye chini yake Wakorea walipata herufi zao. Anamdhani towashi, kisha anamfanya mwalimu wake wa hesabu. Msichana aliyefeli hesabu za 2015 ni bingwa wa taifa katika karne ya 15. Hapo tayari umeshacheka, na umeshaelewa kwamba kitu kitauma moyo baadaye, maana dimbwi hukauka.

Linganisha mlango huu na milango mingine ya kwenda ulimwengu mwingine uliyowahi kuona kwenye tamthilia, yenye miale na vimbunga. Huu ni maji machafu ya mvua na kamera iliyowekwa chini. Mwandishi alijua pochi yake, akaandika kitu ambacho pochi ilikiweza.

Kasoro zipo. Ikulu ni tupu, unajiuliza mfalme gani huyu mwenye watumishi wachache kuliko harusi ya mtaani kwetu. Malkia, anayeigizwa na Jin Ki-joo, amepewa nafasi ndogo kuliko alivyostahili, na mapenzi yanakwenda mbio kwa sababu muda hautoshi. Lakini kati ya kukimbizwa na kuvutwa, mimi nachagua kukimbizwa.

Mizimu miwili ya tvN

Ushindani wenyewe uko hapa, kwa sababu hizi mbili zinafanana kama pacha waliolelewa nyumba tofauti. Oh My Ghost ilitoka Julai na Agosti 2015, Let's Fight Ghost ikafuata miezi ileile ya 2016. Kituo kimoja, sehemu 16 kila moja. Zote zina mzimu wa msichana asiyejua alikufaje, na zote zina adui mpole, mwenye kazi ya heshima, ambaye unaanza kumwogopa kabla hajafanya lolote: moja ni polisi, nyingine ni mwalimu wa chuo. Hata mwigizaji Kang Ki-young yumo kote kuwili, kwanza mpishi mwenye kelele, kisha mwanachuo anayewinda mizimu kwa vifaa vya uongo. Ukimpenda yule wakili wa Extraordinary Attorney Woo, huyo ndiye yeye akiwa bado hajavaa suti.

Oh My Ghost inamhusu Bong-sun, msaidizi wa jikoni ambaye bibi yake ni mganga, kwa hiyo ameirithi balaa ya kuona mizimu. Hapati usingizi, anaomba radhi hata kwa sufuria, nywele zimemfunika uso. Anaingiwa na Soon-ae, mzimu wa msichana aliyekufa hajamjua mwanamume. Imani ya Wakorea ni kwamba mwanamwali aliyekufa hivyo hubaki na kinyongo duniani, na Soon-ae ameamua dawa yake ni moja. Anamwandama bosi wao, mpishi mkuu mwenye majivuno, akimlilia "mara moja tu!" huku akiwa ndani ya mwili wa mwenzake.

Sisi watu wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa. Bong-sun ni kiti, na kiti kimepandisha. Uzuri wote wa tamthilia ni jinsi Park Bo-young anavyoonyesha nani yuko ndani bila taa ya buluu machoni wala sauti ya pango. Mabega yanapanda na kidevu kinatoka, macho hayatazami tena sakafu, na anaanza kula kama mtu aliyefunga miaka mitatu. Akiachwa, mabega yanarudi chini taratibu kama unga uliokosa hamira. Jikoni ni lilelile na sare ni ileile, ila mtu ni mwingine kabisa. Kwa upande wake Kim Seul-gi, yule Dan-bi wa dimbwi, ndiye Soon-ae akiwa nje ya mwili, na wawili hawa wameigana mpaka ukifumba macho unachanganya.

Mganga wao ni Lee Jung-eun. Ukiona sura hiyo na kujiuliza umeiona wapi, ni yule mtumishi wa ndani aliyefukuzwa kwenye Parasite ya 2019. Hapa anamfukuza mzimu mtaani na kupumzika akihema. Hizo ni dakika za bei rahisi na za dhahabu.

Kasoro ya Oh My Ghost haitokani na pesa, na naisema kwa sababu wanaoisifu huiruka. Mwili ni wa Bong-sun. Soon-ae anautumia kumtongoza mwanamume, kumng'ang'ania, kumshika bila ruhusa, na tamthilia inatutaka tucheke tu. Geuza jinsia uone kama utacheka. Baadaye hadithi yenyewe inaligusa swali kwamba bosi anampenda nani, mwenye mwili au aliyeupanda, na hapo inakuwa nzuri kweli, lakini imechelewa. Jambo la pili ni la nyumbani: mazungumzo ya ubikira yako kila mahali. Usiiweke sebuleni mama mkwe akiwepo.

Let's Fight Ghost inaanza kwa nguvu kuliko dada yake. Imetokana na katuni ya mtandaoni. Bong-pal ni mwanachuo anayeona mizimu na kuifukuza kwa malipo, na anaifukuza kwa ngumi. Hasomi dua wala hana maji matakatifu. Anaikunja na kuitandika. Hyun-ji ni mzimu wa mwanafunzi wa sekondari ambaye karibu muda wote yuko na sare yake ya shule, jambo lililomrahisishia kazi mshona nguo. Wanapigana, wanaporomoka pamoja kwenye ngazi, midomo inagusana kwa bahati mbaya, na kumbukumbu ya Hyun-ji inaanza kurudi. Biashara ya kufukuza mizimu inageuka ubia.

Sehemu kama sita za mwanzo ni raha tupu. Kila mara mzimu mpya na sababu yake ya kutotulia, na ngumi zinatosha kuficha kwamba hakuna pesa ya ajabu yoyote. Halafu yule adui mpole anachukua usukani, ucheshi unapungua, na mizimu midogo yenye visa vyake, ambayo ndiyo iliyotuleta, inakaribia kutoweka. Hapo ndipo unapoona uchovu: kumbukumbu zilezile zinarudishwa na wimbo uleule, na wapenzi wanatazamana mpaka chai ipoe. Ukifika karibu na mwisho kuna kusahau. Sitasema nani anasahau nini, ila watazamaji wa muda mrefu wa Kikorea wanajua kwamba mwandishi akiishiwa njia, mtu hupoteza kumbukumbu.

Na lingine linalonikwaza: mwaka ule wa 2016 Kim So-hyun alikuwa na miaka 17 na Ok Taec-yeon 27. Kwenye hadithi wanalingana, lakini jicho linajua. Binti anaigiza vizuri kuliko wote waliomo, na bado nilikuwa nageuza uso kwenye matukio ya mahaba. Kuna wasiojali. Mimi nimewaambia mapema.

Nikiziweka hizi mbili mizani, kwa wiki ya kwanza Let's Fight Ghost inashinda. Wiki ya pili inashindwa vibaya. Oh My Ghost inaanza kwa kukukera kidogo na inamaliza ikiwa imeshakuzoea, hata kitendawili cha kifo cha Soon-ae kimeunganishwa na watu wa mkahawani tangu mwanzo, wakati kwa mwenzake kesi imepachikwa kama kiraka.

Jambo dogo kuhusu sauti

Kama unachukua zile zilizotafsiriwa na DJ, chagua kwa akili. Goblin na Let's Fight Ghost zinahimili, maana makoti na ngumi hazihitaji lugha. Oh My Ghost hapana. Sauti ya Park Bo-young hubadilika anapopandwa, na DJ mmoja akizungumza juu ya watu wote unapoteza nusu ya tamthilia. Itafute yenye sauti yao na maandishi chini, hata kama utasoma polepole. Mama Fairy pia, kwa sababu ya bibi na msichana kuzungumza kwa mwendo mmoja.

Basi uchukue ipi

Una wikiendi moja na bando la kuungaunga: Splash Splash Love, bila mjadala. Ni hiyo pia kwa mtu ambaye hajawahi kuona ya Kikorea hata moja na unataka kumwingiza kwenye ugonjwa huu.

Unataka kucheka na rafiki zako, watu wazima, mlango umefungwa: Oh My Ghost. Vijana wa kiume wanaosema mapenzi ya Kikorea ni ya kulialia, wape Let's Fight Ghost, waambie waishie pale ucheshi unapokata. Hawatakusikiliza, lakini umesema.

Mama Fairy mpe mtu mzima anayependa ngano, mwenye jioni ndefu na asiye na haraka, na mwonye kuhusu wanyama. Goblin utaiona tu siku moja, hakuna anayeikwepa. Iache mpaka umeona mbili kati ya hizi, ili utakapofika kwenye yale makoti ujue unatazama nini.

Mdogo wangu alianza na ya dimbwi usiku uleule, akalala saa nane macho mekundu. Asubuhi nikamwuliza nimwekee Oh My Ghost kwenye flashi. Akasema ataiona, lakini kwanza nimrudishie ile ya simbamarara, maana anataka kujua yule bibi wa kahawa alikuwa akimsubiri nani.